Msomaji wa Pili

Bahasha ilifika Jinja Jumanne,
imepigwa mihuri hadi anwani yetu imezama.
Ndani, mawe ishirini ya masikio ya samaki
kutoka bahari ya kusini kabisa, maji yanakoganda
na jua huaga, lisionekane kwa miezi.
Barua ilisema: Someni umri.
Msituulize sisi tulisoma ngapi. Tutalinganisha.

Mimi husoma sangara na ngege.
Mwaka wa kwetu hauna baridi ya kukata mstari;
mvua hunyesha, hukoma, hurudi kabla hatujaikumbuka,
na jiwe la ngege huwa kama daftari
la mtoto aliyeandikia gotini.
Lakini haya ya barafuni!
Kila kipupwe kimepiga mstari wake,
mweusi, mnyoofu, kama karani asiye na haraka.

Jiwe lisipotaka kusema, tunalivunja katikati,
tunalishika kwa kibano juu ya mwali wa spiriti
mpaka liwe rangi ya chai ya maziwa.
Hapo pete hujitokeza.
Ndiyo kazi yangu: kuchoma kitu kidogo
ili kiseme kiliishi muda gani.

La saba nililihesabu mara tatu.
Thelathini na moja.
Samaki huyu alikuwa akiogelea gizani
mama aliponibeba mgongoni kwenda kuanika mukene Masese.
Alingoja miaka kumi na zaidi kabla ya kutaga,
kisha ndoano moja, asubuhi moja.
Wakubwa wa nchi nyingi huketi mezani
wakabishania tani ngapi zitoke chini ya barafu,
na chini ya karatasi zao zote
yuko mtu kama mimi, jicho moja amelifumba.

Najua namba inavyosafiri.
Mwaka juzi niliandika: sangara wa urefu huu bado hajazaa.
Mstari mmoja, ukurasa wa kumi na nne.
Mstari ukawa ripoti, ripoti ikawa amri,
amri ikavaa buti, ikashuka Masese alfajiri.
Wakarundika nyavu za macho madogo,
na wa Mukose, ndugu yangu, ukawa juu kabisa
kwa kuwa ulikuwa mpya.
Nailoni haiwaki kama kuni.
Hulia, hudondoka, hunuka wiki nzima.
Mkopo wa wavu ule bado anaulipa.

Kiswahili hiki ninachoandikia
yeye alikijulia pale: Weka chini! Rudi nyuma!
Tangu hapo nikimsemesha
hunijibu kwa Kisoga cha heshima, kile cha wageni.

Samaki wamerudi? Kidogo, asema Dakta Kagoya.
Kwenye chati wanainuka
kama mgonjwa anayetafuta viatu vyake kwa miguu.

Ijumaa Mukose akasimama mlangoni na kichwa cha sangara,
kikubwa kama beseni, ndani ya kaveera.
"Soma hiki," akasema. Kisha akaiona hadubini.
"Na hicho?"
"Samaki wa barafu."
Umeme haukuwepo; tuligeuzia kioo dirishani.
Akainama. Kidole kilipiga goti polepole,
kama ahesabuye maboya gizani.

"Ishirini na tisa."
"Thelathini na moja," nikasema.
"Mbili za hapo katikati ni kivuli. Hesabu tena."

Nikahesabu tena.
Sikuwa na hakika.

Kwenye fomu kuna safu ya msomaji wa pili.
Nikaandika 29, na pembeni, kwa wino uleule:
Mukose Isabirye, mvuvi, Masese.
Huko kwenye barafu watashangaa. Washangae.

Kisha tukapasua kichwa cha sangara,
tukatoa jiwe, jeupe, bado lina damu.
Liligoma kusema.
Akanyoosha mkono.

Nikampa kibano.
Nikampa na kiberiti.